Nusu ya Jiwe

Ulikuwa mwaka ule wa mvua kubwa. La, si kweli. Mvua kubwa zilikuja mwaka uliofuata, na lau zingewahi, zingesomba chokaa yote na pasingekuwa na cha kusimulia. Huu ulikuwa mwaka wa vumbi, mwaka ambao ukifuta meza asubuhi, adhuhuri unaweza kuandika jina lako juu yake kwa kidole. Basi na uwe mwaka wa vumbi.

Mwaka huo Mzee Brashi alikuwa keshaacha kupanda ngazi. Maisha yake yote alikuwa fundi rangi. Si wa picha wala wa maandishi, bali wa kuta, dari, milango na madirisha. Mtu akitaka nyumba ing'ae kabla ya kuoza binti, alimwita yeye. Mkono wake ulikuwa umetulia hata akipaka fremu ya dirisha hakuhitaji kuziba kioo kwa gazeti. Rangi ilikwenda pale alipoituma, ikaishia hapo. Alikuwa na majivuno, lakini ya kimyakimya, majivuno ya mtu ambaye ukuta unamsemea. Halafu siku moja ngazi ikateleza juu ya sakafu iliyopigwa dawa ya kung'arisha, nyumbani kwa tajiri mmoja, na Mzee akaja chini na ngazi yake. Goti halikupona. Tajiri alimpa pole ndefu, kisha akamtafuta fundi mwingine amalizie dari.

Mwanawe wa pekee alikuwa keshatangulia mbele ya haki, akamwachia mke na mapacha, wa kike na wa kiume. Yule mkwe angeweza kurudi kwao, na wapo waliomshauri hivyo, lakini hakurudi. Wakaishi wote katika vyumba viwili vya uani, wapangaji wengine huku na huku, bomba moja katikati. Mkwe alimwita baba, naye alimwita mama, kama inavyotakiwa, na walipokasirikiana walisemeshana kupitia kwa mapacha.

"Mwambie babu yako chai ipo mezani."

"Mwambie mama yako nimeiona."

Mapacha hawakumwambia mtu kitu. Walijua kila mmoja keshasikia.

Kilichowaweka mjini ni posho, yaani zile fedha za kujikimu wanazopewa wasiojiweza. Mzee alikuwa na yake kwa sababu ya goti, mkwe alikuwa na yake kwa sababu ya ujane na watoto wadogo. Ofisi iliyozigawa ilikuwa na jina refu lililojaa ustawi, jamii na maendeleo. Watu waliiita Idara tu, kwa sauti ile ile ya mtu anayetaja jino lake bovu.

Sasa mwaka huo wa vumbi Idara ikaota ndoto. Wakubwa wakikaa muda mrefu katika viti vinavyozunguka huota, hasa baada ya chakula cha mchana. Wakaota kwamba wanaopokea posho ni wavivu. Mjane mwenye mapacha, mvivu. Fundi aliyeanguka na ngazi, mvivu. Kulikuwa na bwana mmoja aliyepoteza mkono kwenye mashine ya kukamua mafuta. Naye mvivu, tena wa mkono mmoja. Ndipo ukaletwa Mpango wa Kujituma. Anayetaka posho ajitokeze kila asubuhi afanye kazi za mtaa mpaka jua lifike utosini, ili posho isimharibu tabia. Tabia za wakubwa hazikuwa na wasiwasi huo. Zenyewe zilikuwa zimeharibika zamani, kwa hiyo zilipumzika.

Ajabu ni kwamba kazi hizo zilikuwa na wenyewe. Manispaa ilikuwa na kikosi chake cha kufagia mitaro na kupaka chokaa mawe ya ukingo wa barabara, watu wenye mshahara, buti na likizo. Mpango ulipoingia, kikosi kikaambiwa asanteni kwa utumishi wenu. Wengine wao walikaa nyumbani wakauza redio, wakauza kitanda, mwisho wakaenda Idara kuomba posho. Wakakubaliwa. Asubuhi iliyofuata wakajikuta kwenye barabara ile ile na mtaro ule ule, ila safari hii pekupeku.

Msimamizi wa barabara yao alikuwa kijana mmoja mwenye viatu vilivyochongoka mbele kama penseli. Wao wakampa jina la Bwana Hamasa, kwa kuwa kila siku kabla ya kugawa ndoo aliwapanga mstari awatie hamasa. Aliwapigisha makofi. Aliwataka waseme kwa pamoja kwamba leo ni bora kuliko jana. Kisha aliuliza kama kuna anayejua siri ya mafanikio, na kwa kuwa hakuna aliyejibu, alijijibu mwenyewe kwamba siri ni kuamka mapema. Aliyasema hayo kwa watu waliofika hapo kabla yake na waliokuwa wamesimama wakimsubiri yeye. Shingoni alining'iniza filimbi. Filimbi ikikaa shingoni mwa mtu kwa muda mrefu hupanda taratibu mpaka kichwani, na ya Bwana Hamasa ilikuwa imeshafika.

Mkwe alikwenda huko miezi kadhaa bila neno, na Mzee naye na goti lake. Halafu yule pacha wa kike akaumwa sikio, likaanza kutoa usaha, mtoto akalia usiku kucha. Kulipokucha mama yake alimfunga mgongoni akaenda zahanati. Zahanati ina benchi lake, na benchi lina watu wake. Alipofika barabarani filimbi ilikuwa imeshalia zamani na wenzake wako katikati ya kazi. Alimwonyesha Bwana Hamasa mtoto, pamba ikiwa sikioni.

"Mama," akasema Bwana Hamasa kwa upole wa kununua dukani, "kila mtu ana sababu. Waliofanikiwa hawana sababu, wana matokeo."

Mwisho wa mwezi alipofika dirishani kuchukua posho, karani alimwambia amesimamishwa kwa utoro. Mpaka lini? Mpaka itakapoamuliwa. Iamuliwe na nani? Karani alikuwa keshamwita mwingine.

Hakumwambia mkwewe. Mzee aligundua kwa kuangalia sahani. Jioni ile mkwe alipakua sahani tatu badala ya nne, akasema yeye keshakula jikoni. Na jiko lenyewe lilikuwa hapo mlangoni, na Mzee alikuwa amekaa kando yake tangu alasiri, akilikanda goti.

"Umekula saa ngapi, mama?"

"Nilikuwa naonjaonja wakati napika, baba."

"Ukaonja mpaka ukashiba."

"Ndiyo."

"Basi wewe ni mpishi wa ajabu. Lete sahani ya nne."

Alileta, akakaa, na huku akimega kidogokidogo akamweleza yote, la benchi la zahanati, la filimbi na la dirishani.  Alipomaliza, Mzee alihamishia nusu ya chakula chake kwenye sahani ya mkwe, naye mkwe akakirudisha, yeye akakihamisha tena, mpaka pacha wa kiume akauliza kama wanacheza.

Hawakuwa peke yao. Yule bwana wa mkono mmoja alikuwa amekatwa posho kwa kukaa kitako. Bibi mmoja alikatwa kwa kwenda kuzika dada yake bila taarifa, kana kwamba dada mtu alitoa taarifa. Habari hizi zilikutana nyuma ya bohari, pale walipokuwa wakirudisha ndoo na mafagio, na aliyezikusanya pamoja alikuwa Mama Mkaa. Mama huyu aliuza mkaa miaka mingi mpaka asubuhi moja kibanda chake kikabomolewa na tingatinga. Ulimi wake haukubomolewa.

"Jamani," alisema siku hiyo, ameikalia ndoo yake aliyoigeuza juu chini, "mimi nimepima mkaa maisha yangu yote. Ukinilipa nusu gunia, nakupimia nusu gunia. Sikutukani, sikufukuzi, nakupimia nusu, unabeba, unakwenda zako. Hii posho yetu ni kiasi gani cha mshahara wa wale waliokuwa wanapaka mawe haya zamani?"

"Nusu," akasema mmoja wa kikosi cha zamani. "Tena nusu ya ule mshahara wa siku walipotukasirikia wakatukata."

"Na wao walipaka jiwe lote?"

"Lote."

"Basi kuanzia kesho sisi tunapaka nusu. Kila jiwe, nusu. Wakiuliza, jibu ni moja tu, nusu mshahara nusu jiwe. Nusu ya pili itapakwa siku watakapowarudishia posho wenzetu waliokatwa."

 Yule wa kikosi cha zamani akauliza, "Wakitukata na sisi tuliobaki?"

"Watukate kwa kosa gani? Tumefika. Tumepiga makofi. Tumesema leo ni bora kuliko jana, Mungu atusamehe. Tumeshika brashi. Nani alituambia jiwe linapakwa mpaka wapi?"

Hapo kicheko kikazunguka, kwanza kwa woga, kisha kwa raha. Mama Mkaa akamgeukia Mzee.

"Na wewe, Mzee Brashi? Mkweo naye kakatwa."

"Mimi nipo."

"Goti je?"

"Goti halipaki."

Wakaagana hivyo. Mpango ulikuwa mzuri, mwepesi, hauna matusi wala mawe ya kurusha, na mpaka leo ukiutazama hauna kasoro. Kasoro ilikuwa fundi.

Asubuhi ilipofika, Mzee alikoroga chokaa yake kama alivyozoea, akatia chumvi kidogo ili ishike, akaichuja kwenye kitambaa kuondoa vidonge. Wengine walikuwa wameshaanza. Akatazama upande wa kulia: mtu amepaka nusu ya jiwe, lakini nusu gani ile, pembeni imechakaa kama mdomo wa mtoto aliyetoka kunywa maziwa. Akatazama kushoto: huku nusu ya juu, huku nusu ya chini, kwingine robo tatu kwa kusahau. Na hivyo ndivyo ilivyotakiwa. Ubaya ule ndio uliokuwa ujumbe. Kila mtu alilielewa hilo, hata wale ambao hawakuwahi kushika brashi. Mzee naye alilielewa kichwani, ila mkono wake haukuwepo kwenye mkutano.

Alipiga magoti, moja likamwuma, akachovya brashi. Nusu ni nusu, akajiambia. Hakuna aliyesema iwe nusu mbaya. Mfukoni alikuwa na uzi, kwa kuwa fundi hatoki bila uzi kama wengine wasivyotoka bila kitambulisho. Akaunyoosha. Barabara ile ina mteremko kidogo, na akaona mstari wa wima haukai vizuri na mteremko, basi akaukata mshazari, kona hii mpaka kona ile. Jiwe la kwanza likatoka safi, jeupe upande mmoja na la kijivu upande mwingine, mpaka wake kama uliokatwa kwa wembe. La pili akaligeuzia mshazari, lilitazame la kwanza. Alipofika la tano au la sita alikuwa amesahau alikuja kufanya nini. Alikuwa anapiga mluzi.

Jirani yake akatazama jiwe lake mwenyewe, akaona aibu. "Mzee, hebu niazime huo uzi." Wa pili naye akauazima kwa wa kwanza. Mtu hapendi kazi yake ionekane takataka kando ya ya mwenzake, hata pale takataka ndiyo iliyoagizwa. Mama Mkaa alikuwa mbali, mwisho wa barabara, na alipoinua kichwa kutazama alikuwa kachelewa. Mawe yalikuwa yamepangika yakipokezana, nyeupe na kijivu, mshazari huku na mshazari kule, mpaka kwenye mzunguko. Barabara ilipendeza. Hilo ndilo lilikuwa balaa.

Na balaa halikawii. Siku hiyo hiyo gari la Idara lilipita na mgeni kutoka makao makuu. Likapunguza mwendo, likasimama. Mgeni akashuka, akakunja mikono nyuma, akatazama mawe. Bwana Hamasa, ambaye mpaka dakika ile alikuwa hajaona tofauti yoyote kwa sababu macho yake yalikuwa kwa watu na si kwa kazi, akaona mgeni anatabasamu, akatabasamu pia.

"Nani kabuni mtindo huu?"

"Sisi, mheshimiwa. Chini ya usimamizi wangu."

Mama Mkaa alikuja mbio, ameshika fagio. "Nusu mshahara, nusu jiwe," akasema mbele ya mgeni, wazi, neno kwa neno kama walivyokubaliana.

"Anasemaje?" mgeni akamwuliza Bwana Hamasa, maana wageni wa namna ile hawamsikii mtu mpaka arudiwe na mwenye viatu.

"Hiyo ndiyo kaulimbiu yao, mheshimiwa."

Mgeni akatafakari. "Nzuri sana," akasema. "Yaani kubana matumizi. Nusu ya chokaa inabaki." Akamwagiza aliyefuatana naye aandike.

Hivi ndivyo mgomo wao ulivyopandishwa cheo. Kabla ya wiki kwisha agizo lilikuwa limetoka kwamba barabara zote zipakwe kwa mtindo ule, chokaa ipunguzwe kwa nusu, na mkubwa mwingine, mkubwa kuliko yule mkubwa, atakuja kuuzindua. Posho za waliokatwa hazikutajwa. Nani angezitaja, nao walikuwa wanashughulika na sanaa?

Nyuma ya bohari Mama Mkaa hakupandisha sauti. Ingekuwa nafuu kama angepandisha.

"Mzee Brashi, hebu nieleze. Umeichumbia Idara? Maana mimi nijuavyo, nyumba ya bwana harusi ndiyo hupambwa vile."

"Mkono ulinipita, Mama Mkaa."

"Tulikwenda kugoma, wewe ukatutia nakshi. Kesho wakituchinja utaomba kisu ukinoe."

Watu walicheka, na kicheko cha safari hii hakikuwa na raha ndani yake. Bwana wa mkono mmoja hakucheka. Alikuwa na miezi miwili bila posho, na alimtazama Mzee kama mtu anavyomtazama mbwa aliyemlea kisha akamng'ata. Nyumbani mkwe alikuwa anafua bombani. Hakuinua uso.

"Mwambie babu yako," akamwambia pacha wa kike, "barabara imependeza."

Mzee akaingia ndani akakaa kitandani. 

Kesho yake akaitwa kwa Mkurugenzi wa Idara. Alikuwa hajawahi kuitwa na mtu wa namna ile isipokuwa kupaka. Alikalishwa kwenye kiti laini, kiyoyozi kikampulizia goti, akaletewa chai katika kikombe kidogo cha kuchezea watoto. Akatazama kuta, kama afanyavyo kila mahali. Zilipakwa juu ya unyevu, rangi inavimba nyuma ya kabati, na mbele ya uvimbe ule wakatundika picha.

"Mzee wangu," alianza Mkurugenzi, ambaye kwa umri angetosha kuwa mjukuu wa kwanza wa Mzee, "Idara inathamini vipaji. Tunataka uwe kiongozi wa mtindo. Utazunguka barabara zote ukiwafundisha. Hutashika ndoo tena. Utapewa filimbi."

"Filimbi ya nini?"

"Ya kupuliza, Mzee wangu." Akacheka, halafu akashusha sauti, kama anayempa rafiki siri. "Na yule mkweo, nimeambiwa. Mambo ya kibinadamu. Litarekebishwa kimyakimya, posho yake irudi."

Moyo wa Mzee ukaruka. Ukarukia pale pale kwenye sahani ya nne.

"Na wenzake waliokatwa?"

"Mzee wangu, tuanze na lako."

Aliomba siku moja ya kufikiri. Mkurugenzi akashangaa kwamba kuna mtu anayehitaji siku nzima kufikiria filimbi.

Nyumbani akamweleza mkwe uso kwa uso, mapacha wakiwa nje. Mkwe alikuwa anachagua mawe kwenye mchele, akaendelea kuchagua.

"Unaniuliza mimi, baba?"

"Nakuuliza wewe, mama. Posho ni yako."

"Ukiniuliza mimi, nasema kataa, maana yule bibi aliyekwenda kuzika dada yake ndiye aliyenishikia mtoto nilipokuwa nakoroga chokaa. Ukiliuliza tumbo langu, linasema kubali, tena jana. Sasa sijui ulikuwa unaongea na nani." Akapuliza makapi. "Ila ukiipuliza hiyo filimbi mbele yangu, nitakutupia ndoo. Samahani, baba, lakini nitakutupia."

Mzee akacheka, kwa mara ya kwanza tangu siku ya mawe. Hakurudi kwa Mkurugenzi kutoa jibu. Aliona jibu atakwenda kulitolea barabarani.

Asubuhi ya uzinduzi alifika mapema kabla ya Bwana Hamasa na siri zake za mafanikio. Watu walikuwepo, mkwe naye amekuja, ingawa hakuitwa. Mzee akaacha uzi mfukoni. Akachovya brashi mpaka shingoni, chokaa ikachuruzika, akaiburuta juu ya mpaka ule safi wa jiwe la kwanza. Lilimwuma kama kumpiga mtoto kofi kwa kosa la mtu mwingine. Akaenda la pili. Mama Mkaa alikuwa amesimama nyuma yake, mikono kiunoni.

"Bado zuri, Mzee."

"Liko wapi zuri?"

"Hapo. Pamenyooka."

Akahamishia brashi mkono wa kushoto. Lakini mkono wa kushoto ulikuwa umekaa jirani na wa kulia kwa miaka mingi, ukajifunza, nao ukanyoosha. Jasho likamtoka. Watu wakaanza kucheka, na sasa kilikuwa kicheko cha ndugu.

"Nisaidieni basi," akasema. "Mimi kuharibu sijafunzwa."

Mama Mkaa alichovya fagio lake zima ndani ya ndoo akalipiga jiwe kama anayeua nyoka. Bwana wa mkono mmoja akafuata, akaonyesha kwamba kuharibu hakuhitaji mikono miwili. Muda si muda barabara nzima ilionekana kama kundi la bata limepita na magonjwa yake. Nusu ya kila jiwe ilibaki kijivu, hilo walilizingatia. Nusu nyingine ilikuwa aibu tupu, na Mzee alipoitazama ilibidi ageuze uso.

Bwana Hamasa alipofika alipuliza filimbi mpaka mate yakamkauka. Hakuna aliyetoroka wa kupulizwa; wote walikuwa kazini. Akampigia simu Mkurugenzi, na Mkurugenzi akaja na vumbi lake, tai imempanda sikioni. Mkubwa kuliko mkubwa alikuwa keshaondoka makao makuu, yuko njiani.

"Mnataka nini nyinyi?" akauliza.

"Posho za wenzetu," akajibu Mama Mkaa. "Wote waliokatwa, leo."

"Njooni ofisini tuzungumze."

"Ofisini kuna foleni. Hapa wewe ndiye wa kwanza, tunakuhudumia."

Mkurugenzi akatazama mawe. Akatazama barabara kule atakakotokea mgeni. Mtu mwingine angeona mbele yake wajane na vilema wasio na chakula. Yeye aliona picha yake gazetini imesimama kando ya mawe machafu. Hilo likamgusa. Akachukua simu, akamwagiza karani wa dirishani, mbele ya watu wote, kwamba waliosimamishwa wa barabara hiyo warudishiwe sasa hivi. Mama Mkaa akasema hawashiki brashi mpaka mmoja wao aende dirishani na kurudi. Akaenda mkwe, kwa gari la Idara, amekaa kiti cha mbele. Aliporudi alishuka akampungia mkwewe, posho mkononi.

"Sasa nyoosheni," akasema Mkurugenzi. "Kama zamani. Nusu nusu."

Hata jiwe zima hakulitaka. Alitaka ile nusu nzuri aliyomwahidi mgeni. Mzee akatoa uzi, akapiga goti moja, wenzake wakaupokezana, na mistari ikarudi mmoja baada ya mwingine. Mkurugenzi akajifuta jasho, akapata tena sauti yake, akaona ni vema awaachie neno la mafunzo.

"Na msije mkasema sasa mnafanya kazi, mkaanza kudai mishahara. Naona kuna wanaowapotosha. Hii si kazi. Ni ushiriki wa jamii. Sheria ya kazi haihusiki hapa, wala mishahara, wala fidia. Tumeelewana?"

Mzee Brashi akainua kichwa kutoka kwenye jiwe. Hakuwa mtu wa kuuliza maswali. Maisha yake yote aliulizwa yeye, rangi gani, itakauka lini. Lakini neno lile lilikataa kumezeka. Akauliza swali lake taratibu, kwa adabu, brashi bado mkononi. Mkurugenzi akakitazama kiatu chake. Bwana Hamasa akakitazama kiatu cha Mkurugenzi. Gari likatokea mbele, watu wakaamrishwa kupiga makofi, na mkubwa kuliko mkubwa akashuka akasifia mtindo.

Mkwe aliendelea kupata posho yake, na wale wengine pia. Kwenye matangazo iliitwa huruma maalumu. Mwezi uliofuata Mzee akakatwa ya kwake kwa kuharibu mali ya umma, wakabaki kama kabla ya mgomo, sahani nne na posho moja. Yeye akawa anashinda na mapacha uani, mkwe ndiye anakwenda kupigishwa makofi. Mama Mkaa alikuwa ameanza kukusanya watu wa barabara nyingine kwa ajili yake, na kila jioni alipita kumweleza wamefikia wapi.

Kila mwisho wa mwezi Mzee alikwenda dirishani na lile goti lake, akapanga foleni, na zamu yake ilipofika hakuomba posho. Aliuliza swali lile lile. Karani alimwambia aulize ndani. Wa ndani akamwambia aulize juu. Juu wakamwambia aache anwani. Alimwuliza Bwana Hamasa njiani, naye akavuka barabara. Alilirudia mwaka mzima, mpaka mvua kubwa zikaja zikasafisha mawe yote, na hajapata mtu wa kumjibu: ikiwa ile haikuwa kazi, mkwe wangu alitoroka nini siku ile aliyompeleka mtoto zahanati?